Tupime utu, tusipime dhehebu

Katika kijiji cha Musamo, wilayani Ruhango, kusini mwa Rwanda, aliishi bibi mmoja aliyeogopwa na majirani zake. Zura Karuhimbi alitoka katika ukoo wa waganga wa jadi, alizijua dawa za miti shamba, na watu walikwisha kukata shauri kwamba ni mchawi. Aprili 1994, wanamgambo wa Kihutu wa Interahamwe walipoanza kuwasaka Watutsi nyumba hadi nyumba, kinyumba chake cha vyumba viwili kikawa kimbilio la watu zaidi ya 100. Wengine aliwalaza uvunguni mwa kitanda, wengine akawapandisha darini, wengine akawaficha ndani ya shimo alilolichimba shambani.

Wauaji walipobisha hodi, Zura hakuwa na bunduki wala panga. Alichokuwa nacho ni ile sifa yake mbaya. Alijipaka mikononi majani yanayowasha, akawagusa nayo, wakaanza kujikuna. Akatikisa bangili zake na kuwaambia kuwa huo mlio ni hasira za Nyabingi, mzimu unaohofiwa katika nchi ile, na kwamba atakayevuka kizingiti amejichimbia kaburi. Vijana waliokwisha kuua majirani zao bila mkono kutetemeka wakarudi nyuma. Waliojificha kwa Zura walipona. Mwaka 2006 Serikali ya Rwanda ilimvisha medali, na alipofariki Desemba 2018 alikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 90.

Katika mwezi huo huo, magharibi mwa nchi hiyo hiyo, parokia ya Nyange ilikuwa chini ya Padri Athanase Seromba. Watutsi walikimbilia kanisani kwake kwa sababu walikumbuka machafuko yaliyoanza mwaka 1959, ambapo aliyefika kanisani alisalimika. Safari hii kanisa liligeuka mtego. Aprili 16, 1994, buldoza liliangusha kuta juu ya watu waliokuwa ndani. Waliokufa hawakupungua 1,500. Padri alihamia Italia, akaendelea kuhudumu altareni karibu na Florence kwa jina jingine, hadi alipojisalimisha mwaka 2002. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake hapa Arusha, ilimtia hatiani Desemba 2006 na kumfunga miaka 15. Machi 2008 majaji wa rufaa waliona kwamba aliridhia kanisa libomolewe na watu wakiwa ndani, wakapandisha adhabu yake kuwa kifungo cha maisha.

Sasa tujiulize. Mgeni angepita Rwanda mwezi Machi mwaka ule, akakutana na watu hawa wawili, nani angepewa heshima? Padri angepishwa kiti cha mbele, angeshikwa mkono kwa mikono miwili, angeachiwa watoto awabariki. Bibi wa Musamo angepitwa kwa mbali. Na huyo mgeni ni mimi na wewe, kwa sababu ndivyo tunavyofanya kila siku. Tunauliza kwanza mtu anasali wapi, kisha tunaamua tumheshimu kiasi gani.

Naandika makala haya kuupinga utaratibu huo. Kila binadamu anastahili kuthaminiwa utu wake kabla hajaulizwa dini yake, na thamani hiyo haipandi wala haishuki kwa jibu atakalotoa. Kuna heshima nyingine ya juu zaidi, ya kumwamini mtu, kumfuata na kumtaja kwa sifa. Hiyo mtu huipata au kuipoteza kwa anayowatendea wenzake. Dini haimo katika mizani yoyote kati ya hizo mbili.

Kila dini ilikuwa na wauaji na waokoaji

Ni rahisi kuisoma habari ya Nyange kama hukumu dhidi ya Wakatoliki. Anayeisoma hivyo anarudia kosa lile lile tunalolizungumzia.

Kule Gisenyi, mpakani na Congo, mwanamke Mkatoliki aliyejiweka wakfu kwa utumishi, Félicité Niyitegeka, Mhutu, alikuwa akiwavusha Watutsi kwenda upande wa pili. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe mwenyewe. Alikataa kuwaacha aliokuwa amewahifadhi, akauawa pamoja nao Aprili 21, 1994. Mwanamke huyu na Padri Seromba walikariri kanuni moja ya imani.

Upande wa Waadventista, Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana alitiwa hatiani na mahakama ile ile ya Arusha mwaka 2003 kwa mchango wake katika mauaji ya Watutsi. Upande wa Waislamu, Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililomwaga sumu ya chuki kwa miaka kadhaa kabla ya mauaji, naye alihukumiwa Arusha. Hakuna msikiti wala kanisa linaloweza kusimama leo na kusema mikono ya watu wake wote ilikuwa safi, wala lililokosa watu waliohatarisha roho zao kwa ajili ya wengine.

Hata hivyo, Waislamu wa Rwanda wana habari yao ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuijua, kwa sababu kwa miongo mingi Wanyarwanda waliwaita Waswahili. Wa kwanza wao waliingia huko enzi za Wajerumani wakiwa askari, makarani na wachuuzi kutoka pwani yetu. Wakati wa Wabelgiji walitengewa makazi yao, kama Biryogo mjini Kigali, na kwa kuwa shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, watoto wao walipata elimu kwa taabu. Walionekana watu wa mitaani, wachuuzi na madereva, watu wasio na nchi. Mauaji yalipoanza, mitaa hiyo hiyo iliyodharauliwa ndimo Watutsi wengi walimofichwa. Misikitini walikuwa wameambiwa kwamba Mwislamu hamwagi damu ya mtu asiye na hatia, na wengi wao walilishika neno hilo. Baada ya 1994, Wanyarwanda wengi waliwageukia kwa jicho jipya, na baadhi wakasilimu.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii tunaikariri toka utotoni, lakini mtu wa dini nyingine anapohamia jirani tunaisahau.

Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza

Habari ya Zura ina jambo jingine, na mimi naliona kubwa kuliko medali yake. Miaka ya baadaye, waandishi walipomwuliza juu ya uchawi wake, alieleza kwamba hakuwa na nguvu zozote. Yeye alimwamini Mungu. Bangili, majani na vitisho vya Nyabingi vilikuwa hila ya kuokolea watu.

Kijiji kizima kilikuwa kimemhukumu kwa imani ambayo hakuwa nayo. Nasi ndivyo tulivyo. Mara nyingi tunachokiita imani ya fulani ni picha tuliyomchorea sisi wenyewe kutokana na jina lake, kilemba chake, rozari iliyotundikwa kwenye kioo cha gari lake, au hirizi tuliyoisikia kwa mtu wa tatu. Tunamjua Juma kuwa Mwislamu, lakini hatujui anasimama usiku kuswali au la. Tunamjua Neema kuwa mlokole, lakini hatujui anachomlilia Mungu wake akijifungia chumbani. Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, walisema wahenga. Ukipima heshima ya mtu kwa kitu usichoweza kukiona, umekubali kubahatisha.

Na kubahatisha huku kunaua. Kanda ya Ziwa hapa Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale yamekaushwa na moshi. Mwanamke aliyepika miaka hamsini juu ya mafiga, kwenye jiko lisilo na dirisha, kwa mabua, kuni mbichi na samadi kavu ya ng'ombe kwa vile miti imekwisha, lazima macho yawe mekundu. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, mvi zimekuwa ushahidi. Wazee wanaitwa wachawi, wanachomwa au kukatwa, na si mara moja wala mbili imebainika kwamba nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba ambalo vijana walilitaka.

Tumweke sasa bibi wa Musamo katika kijiji chetu kimoja, peke yake, na dawa zake za miti shamba. Tunajua ambayo angefanyiwa. Nchini mwake alizeeka na kuvishwa medali. Kwetu huenda asingefikia uzee huo.

Ndani ya basi la Mandera

Wapo watakaosema Rwanda ni mbali na miaka ni mingi. Basi tuje karibu. Novemba 22, 2014, wanamgambo wa al-Shabaab waliteka basi karibu na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Aprili 2, 2015, wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wakiwachambua wanafunzi kwa dini. Walitaka kila Mkenya ajifunze kwamba kati ya Mkristo na Mwislamu kuna mstari wa damu.

Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, waliteka basi jingine lililokuwa likielekea Mandera. Safari hii somo lao liligoma. Wanawake wa Kiislamu walikwisha kuvua hijabu zao na kuwafunika abiria wa Kikristo, wengine wakawasaidia kujificha nyuma ya mizigo. Walipoamriwa kujitenga, Waislamu walikataa. Waliwaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule na baba wa watoto, alipigwa risasi katika tukio hilo. Akiwa kitandani hospitalini, alitumia nguvu alizobakiwa nazo kuhimiza watu wa dini mbalimbali waishi pamoja kwa amani. Alifariki Januari 2016 mjini Nairobi. Mkasa huo ulitengenezewa filamu fupi, Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Abiria wale hawakuwa na muda wa kujadili itikadi. Mama aliyevua hijabu yake na kumfunika mgeni hakumwuliza kama anaamini Utatu. Hakuikana dini yake mwenyewe, bali aliitekeleza. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kumheshimu mtu wa imani nyingine ni kulegeza imani yetu. Mwalimu Salah alikufa Mwislamu kamili, na ndani ya Uislamu wake mlikuwa na nafasi ya kutosha kwa uhai wa Mkristo.

Na kama imani inaua?

Ipo hoja nzito inayostahili jibu la kweli. Watu wanasema, imani huzaa matendo, kwa hiyo kuipuuza imani ya mtu ni uzembe. Wanatoa mfano wa Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, wanaodaiwa kuambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Wengi wao walikuwa watoto. Mhubiri huyo alifikishwa mahakamani, akakana mashtaka. Je, fundisho la namna hiyo nalo tuliheshimu?

Hapana. Fundisho halina utu, na hakuna fundisho lililozaliwa na haki ya kutoulizwa. La dini yangu liulizwe, la dini yako liulizwe, na linalowanyima watoto chakula, linalomkataza mgonjwa dawa au linalomfanya mke kuwa mfungwa likemewe hadharani. Anayelikemea hamvunjii mtu heshima. Mara nyingine anamwokoa. Msiba wa Shakahola ulikuwa mkubwa kiasi kile, kwa sehemu, kwa sababu jina la mchungaji liliwafumba watu midomo. Heshima iliyopitiliza kwa cheo cha dini nayo ni kosa, kwa kuwa inampa mtu imani ya umma ambayo matendo yake hayajaichuma.

Lakini tukumbuke jinsi waliokufa Shakahola walivyozungumziwa vijiweni na mitandaoni. Waliitwa wajinga, wakachekwa. Walikuwemo wazazi waliouza mali zao wakitafuta wokovu, na watoto ambao hawakuchagua lolote. Tunaweza kulilaani fundisho lililowamaliza na bado tukawasitiri wao kama tunavyowasitiri wafu wetu. Mwenye kukosea katika anachoamini habadiliki kuwa kiumbe cha kudharauliwa.

Nyumbani kwetu

Kwa upande wa sheria, Tanzania tulijipanga mapema. Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba nchi haina dini, ingawa watu wake wanazo. Ibara ya 12 ya Katiba ya 1977 inaweka wazi kwamba kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake, na Ibara ya 19 inalinda uhuru wa mtu kuchagua dini yake. Baada ya sensa ya 1967, karani wa sensa hamwulizi raia dini yake. Marais Waislamu na Wakristo wamepokezana Ikulu na nchi ikaenda.

Sheria, hata hivyo, haifiki uani. Huko ndiko mwenye nyumba anakouliza jina kamili la mpangaji ili ajue dini yake kabla ya kutaja kodi. Huko ndiko tunakoitana makafiri, wagalatia na wavaa kobazi, tukacheka, na watoto wakisikiliza. Huko ndiko kijana anayesema hana dini anakotazamwa kana kwamba amekiri wizi, na bibi anayetambikia wahenga wake anakoitwa mshenzi na wajukuu aliowalea. Kwenye hafla zetu tunaanza kwa dua ya shehe na sala ya askofu, jambo jema, lakini tusijidanganye kwamba heshima yetu imekamilika kwa kuwagawia wakubwa wawili kipaza sauti.

Tumekwisha kuona pia moto unavyoweza kuwaka kwa jambo dogo. Mwaka 2013 Kanda ya Ziwa iliingia katika mzozo wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa buchani, na Februari mwaka huo kiongozi mmoja wa kanisa aliuawa Buseresere, mkoani Geita. Kitoweo kilifanywa kuwa suala la vita.

Ajabu ni kwamba jambo hilo hilo wananchi wa kawaida walikwisha kulimaliza zamani bila kamati. Nenda kwenye harusi au msibani katika mitaa yetu mingi. Mwenye shughuli ni Mlutheri. Alfajiri anamtuma kijana akamwite mzee wa msikitini. Mzee anakuja na kisu chake, anamwelekeza mbuzi kibla, anapiga bismillahi, anachinja, ananawa, anakaribishwa chai. Sufuria zinainjikwa. Mchana watu wa dini zote wanakula sinia moja, na hakuna aliyeacha dini yake ili mwenziwe ashibe. Mwenye shughuli hakulazimishwa na sheria yoyote. Amewafikiria wageni wake mapema, akaona aibu kumwacha jirani akae na njaa uani kwake. Heshima ninayoizungumzia ni hiyo, na wengi wetu tumeshailambia vidole.

Tuanze wapi?

Mwenye nyumba, mwulize mpangaji kama atalipa kodi na kama atatunza choo. Mwajiri, soma vyeti na uzoefu, jina usilisome mara mbili. Mwalimu, mtoto wa Kihindu au wa Mashahidi wa Yehova aliye peke yake darasani asiwe mfano wa kuchekwa. Mzazi, mwanao akimleta mchumba wa dini nyingine una haki ya kuwa na hofu na kuisema, lakini huna haki ya kumtukana binti wa watu mbele ya wageni. Viongozi wa dini, mnapofundisha kwamba njia yenu ndiyo ya kweli, na ni haki yenu, ongezeni sentensi moja: jirani asiyeifuata njia hiyo asiguswe, asichekwe, asinyimwe maji.

Nanyi vijana wa vijijini mnaoitwa usiku kwenda "kumshughulikia" bibi fulani, rudini nyumbani, mkatoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi. Macho yake mekundu yametokana na moshi wa jiko alilowapikia baba zenu.

Hatuombwi tuamini wanachoamini wenzetu. Hatuombwi tunyamaze tunapoona wamepotea. Tunaombwa tumpe kila mtu stahili ya ubinadamu wake bila kusubiri jibu la swali la dini, kisha sifa tuzigawe kwa wanaozistahili kwa matendo. Kwa kipimo hicho, mahakama ya Arusha ilimfunga padri na Serikali ya Rwanda ikamvisha medali aliyeitwa mchawi. Vyombo vyote viwili vilihukumu kwa haki. Nasi tuhukumiane hivyo hivyo.